Papa Niliyempa Sauti

Mlipokuja hapa Kiamunyi na simu zenu, mkakaa nje ya banda langu la kuku, mlitaka niwafundishe namna ya kuweka sauti juu ya video mpaka nywele za anayetazama zisisimke. Yule mwenye kofia ya manjano aliniita lejendi. Nilicheka, nikawapa chai, nikawaonyesha kuku, lakini swali lenu sikulijibu. Nimeona afadhali niandike. Nikiongea kwa mdomo nitaanza kupamba, na jambo hili sitaki kulipamba, kwa sababu lilikaribia kumnyima mtoto wangu kazi na mpaka leo nikilikumbuka naona haya hata mbele ya kuku.

Kwa ambao hawajui, mimi nilikuwa mtafsiri wa filamu. Kibanda chetu cha video kilikuwa nyuma ya stesheni ya reli hapa Nakuru, mabati matupu, mabenchi, pazia la gunia mlangoni na televisheni moja juu ya meza ndefu. Filamu zilikuja na Kiingereza chao, nyingine na Kichina. Mimi nilikaa kando na maikrofoni, nikapunguza sauti yao nikaweka yangu. Watu waliniita Spika. Jina langu ni Barasa, lakini hata mke wangu, Mama Nekesa, akikasirika huniita Spika.

Aliyenifundisha ni Mzee Ochola, mstaafu wa reli ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuomba maji tu. Watu lakini aliwajua. Siku ya kwanza alinigeuza kiti. "Unaangalia nini kwa televisheni?" akaniuliza. "Hiyo imeshaamua itafanya nini. Angalia macho ya watu." Basi nikajifunza kutafsiri nikitazama nyuso zilizomulikwa na ule mwanga wa buluu. Mtu wa benchi la mbele akianza kukuna shingo, ujue amechoka, muongezee vita. Mzungu akisema neno moja, wewe toa sentensi nne. Na ukitaka watu warudi kesho, mpe adui jina la mtu wanayemjua.

Msidhani nilianza nikiwa mkali. Filamu yangu ya kwanza nilimuua stering, shujaa mwenyewe, mapema. Alipigwa risasi akaanguka mtoni, nami kwa ile haraka ya ugeni nikatangaza kifo, nikataja hadi kijiji atakakozikwa. Dakika chache baadaye, huyo hapo anatoka majini. Kibanda kizima kikanigeukia. Nikasema ni pacha wake. Ikabidi nimbebe huyo pacha mpaka mwisho wa filamu, nikimpa mke mwingine na deni la ng'ombe nyumbani kwao. Watu walimpenda sana, na wiki iliyofuata wakauliza kama pacha yumo. Hapo nikaelewa kwamba katika kazi hii uongo hauniangushi, na hapo ndipo niliharibikia.

Halafu ikaja kanda ya papa.

Fikirieni watu wa mtaa wetu wakati ule. Wengi ni watoto na wajukuu wa waliokuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli na viwanda. Bahari tulikuwa tumeiona kwenye kalenda. Maji yetu makubwa ni ziwa lililo ndani ya mbuga, ambalo hata kuogelea huruhusiwi. Kwa hivyo niliposhika maikrofoni papa akaonekana kwenye skrini, hapakuwa na mtu wa kuniambia si hivyo. Ningesema papa ana masikio, wangekubali.

Shida ilikuwa moja: papa hasemi. Adui asiyesema anamnyima mtafsiri kazi. Nilichukua kopo la mafuta ya kupikia, lile kubwa la bati, nikalitoboa tundu chini, nikaweka mdomo ndani na maikrofoni kwenye tundu. Nilikuwa navuta pumzi polepole, ndefu, yenye mikwaruzo, halafu naitoa kwa mngurumo. Hhhhrrr. Spika ikitetemesha meza, watu walipandisha miguu juu ya benchi, watu wazima, wenye ndevu, katikati ya Nakuru pakavu.

Nikampa jina pia. Nilimwita Chifu. Siku ya kwanza nilipopaza sauti, "Chifu anakuja! Chifu amefika!" wale mama waliokuwa wakipika busaa, ile pombe ambayo chifu wa serikali huja kuikamata, nyuma ya kibanda waliimwaga yote kwenye mtaro wakakimbia. Walikuja kunigombeza nusu ya mchana. Nilijivunia jambo hilo miaka mingi, nikalisimulia kwenye kila harusi.

Sasa nije kwa Nekesa, mtoto wangu. Yeye alisomea mambo ya samaki chuoni, akamaliza, akapata nafasi pwani ya kusini na watu wanaochunguza papa. Kazi yenyewe ni kushuka chini na mtungi wa hewa mgongoni, kuwatambua papa waliopo kwenye miamba na kuwahesabu. Mama yake alitangaza kanisani. Mimi nilitangaza kila mahali palipobaki.

Alasiri moja nilikuwa nachota maji ya kuku simu ikalia.

"Baba, uko wapi?"

"Niko kwa kuku. Mbona unaongea kama mtu amelia?"

"Nimelia. Nimetoka kwa maji sahi. Nimeshindwa tena."

"Unashindwa aje na unajua kuogelea?"

"Kuogelea si shida. Nikiwa juu niko sawa. Shida ni nikishuka. Ile kitu ya kupumulia, nikivuta hewa inaguruma. Baba, inaguruma vile ulikuwa unaguruma kwa kopo."

"Kopo gani?" nikauliza, na nilikuwa najua.

"Najua ni pumzi yangu," akasema. "Nimesoma hizi vitu. Hao papa wa hapo hawana shida na mtu, naweza kukuandikia kitabu. Lakini mwili haujasoma. Nikivuta hewa mara ya kwanza, naskia Chifu amefika, napanda juu kama mwendawazimu. Wamenivumilia. Ijumaa ndio nafasi ya mwisho. Nikipanda tena, kazi wanapea mwingine."

Mjue nilimjibu nini. Nilimwambia, kwa mzaha, "Mwambie Chifu wewe ni mtoto wa Spika." Ulimi wangu ulikuwa umezoea kutafuta kicheko. Hakucheka. Alisema ana nguo za kuanika, akakata simu.

Nilipomweleza Mama Nekesa, aliacha kuchambua mboga. "Nilikwambia mtoto hakojoi kitandani bure," akasema. "Alikuwa anaogopa hata beseni. Wewe ukasema anadeka."

Ni kweli nilisema hivyo. Mama yake wakati ule alikuwa anafanya zamu katika kiwanda cha nguo, na mtoto wa darasa la pili huwezi kumwacha nyumbani peke yake. Nilikuwa nakuja naye kibandani, na kwa kuwa mabenchi yalikuwa ya wenye kulipa, nilimweka chini ya meza ya televisheni, pale spika ilipokuwa, na blanketi na muhogo wa kuchoma. Nilidhani nimemficha asione picha za watu wazima. Na kweli picha hakuziona. Papa mwenyewe alikuwa wa mpira, mtu wa benchi la mbele aliweza kuona mshono shingoni, na wakubwa walikuwa wakitoka nje wanacheka. Nekesa mshono hakuuona. Alichoona ni nyuso za watu wazima wakiogopa, wote wakitazama upande wake, na sikioni mwake sauti ya baba yake ikimwambia kwamba anakuja.

Sikulala usingizi mzuri siku hizo. Na aibu ikishaingia huwa haiji na jambo moja. Nililisha kuku nikikumbuka mambo ambayo miaka yote nilikuwa nimeyahesabu kama sifa.

Nilimkumbuka mwanajeshi mmoja wa kambi ya Lanet. Kanda ya papa wa mpira ilipochakaa, mwenye kibanda alileta nyingine, na kumbe haikuwa filamu ya vita. Ilikuwa ya mambo ya viumbe. Papa mkubwa kuliko lori, mwenye madoa meupe mgongoni, anaogelea taratibu mdomo wazi, na wazamiaji wanaogelea kando yake wametulia. Hakuna damu hata tone. Watu wameshalipa. Nikachukua kopo. Nikasema hao wazungu wamerogwa, hawajijui, na huyo Chifu anachagua wa kuanza naye. Kila kamera ilipokata kwenda kwa mzamiaji mwingine, nilisema yule wa kwanza ameliwa. Mwishoni walipanda mashuani wote wazima, nikasema hao ni ndugu zao wamekuja kutafuta maiti.

Huyo mwanajeshi alisimama katikati ya mabenchi. Alikuwa kijana mpole, alikuwa amewahi kufanya kazi pwani. "Boss, hapo unadanganya watu," akasema. "Huyo ni papa shilingi. Anakula vidudu vidogo vya maji, hata meno yake ni kama punje. Watu wa kule wanafurahi wakimwona. Na papa hangurumi."

Alikuwa sahihi kwa kila neno, na alisema kwa heshima. Mimi nilikuwa na maikrofoni. Nilimwambia, "Afande, kama serikali imekutuma kutetea samaki, leta barua." Kibanda kikalipuka. Nikaendelea, nikamwita wakili wa samaki, nikamuuliza samaki amemlipa kwa magamba au kwa mifupa. Alijaribu kusema kitu kingine, nikaguruma kwenye kopo mpaka akatoka. Watu walinipigia makofi. Nyinyi mnaoweka sauti juu ya video za watu, mnajua raha ya kumnyamazisha mtu anayejua. Mimi ningetoa hayo makofi yote leo ili yule kijana arudi akae benchi la mbele amalize alichokuwa anasema.

Nilikumbuka pia Naivasha. Tulikuwa tukibeba televisheni na jenereta kwenye pikapu kwenda kuonyesha katika mitaa ya wafanyakazi wa maua, karibu na ziwa. Tulionyesha papa mchana wa Jumapili. Baada ya filamu mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza, "Mzee, huyo mnyama anaweza kufika hapa kwetu?"

Jibu lilikuwa hapana. Ziwa la Naivasha halina mto wa kwenda baharini, na yule papa mnene anayejua kupanda mito mikubwa hana barabara ya kuja kwetu. Lakini jibu la hapana halirudishi mtu Jumapili ijayo. Nilimwambia, "Mama, maji ni maji." Watu wa pale wakaanza kuogopa katikati ya ziwa, mahali ambapo hawakuwa na shughuli, na wakaendelea kuchota maji kwenye matete ambapo viboko hutoka. Kiboko ndiye aliyekuwa hatari yao. Yupo pale, anajulikana, ameua watu, na mimi mwenye spika kubwa kuliko ya kanisa sikumtaja hata mara moja, kwa sababu kiboko walimzoea na mtu halipi kuogopeshwa na jirani. Hilo halina mzaha ninaoweza kuutia.

Siku mbili kabla ya Ijumaa nilimpigia Nekesa. Nilimwambia asamehe ule mzaha. Akasema ni sawa, kwa ile sauti ya watoto wakitaka uache. Nikamwambia, "Nifundishe basi. Huyo papa ni nani kweli? Mimi simjui."

Akaanza, na kadiri alivyoendelea sauti yake ilisimama imara. Papa wapo aina mamia, Baba. Wengine wadogo wa kutosha mkononi. Wanaojulikana kwa kuua watu ni wachache, wa kuhesabu kwa vidole: yule mweupe mkubwa, ambaye kwetu haonekani sana, yule mwenye mistari kama chui milia, na yule mnene wa kupanda mito. Hata hao mara nyingi humuuma mtu mara moja wakimwacha, ila mdomo wao ni mkubwa na damu ya mtu si nyingi. Usimchezee, usimguse, usiogelee palipo na damu ya samaki au maji yaliyochafuka. Ukimheshimu, anapita. "Na kila asubuhi, Baba, mimi nasimama pale wavuvi wanashusha samaki," akasema, "naona papa wakiletwa wamekufa, hadi watoto wao wadogo. Mtu aliyeumwa na papa sijamwona hata mmoja. Sisi ndio tunawamaliza."

Kisha akanitumia video fupi iliyopigwa na mwenzake pale pale anapotakiwa kushuka. Akasema, "Nitafsirie hii. Nitasikiliza kabla nishuke. Lakini usiweke kitu haipo."

Vijana, nilidhani ni kazi ya kupuliza tu. Nilikaa kitandani na simu. Kwenye video kuna papa mwenye madoa na mkia mrefu, amelala juu ya mchanga mweupe. Basi. Anafungua mdomo, anafunga. Nikarekodi: "Papa amelala, lakini jicho moja linakuona." Nikafuta. "Papa ametulia, hajaonyesha meno yake." Nikafuta. "Hapa kwenye kimya cha bahari..." Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni.

"Huyo samaki amelala," akasema, "na wewe unamtafutia mtu wa kula."

Nilijaribu mpaka simu ikapata moto. Kila sentensi niliyoanza ilikwenda yenyewe kwenye damu. Mzee mzima, kazi yake yote ya maisha ni kueleza watu wanachokiona, na hakuweza kueleza samaki aliyelala. Mwishowe nilimpigia mtoto nikamwambia ukweli, kwamba siwezi.

"Sema baada yangu basi," akasema. "Narekodi. Papa amelala."

"Papa amelala."

"Mchangani."

"Mchangani, akingo..."

"Baba."

"Mchangani."

"Anakula konokono na kaa."

"Anakula konokono na kaa."

"Anapumua."

"Anapumua."

"Wewe pia unapumua."

"Wewe pia unapumua."

"Hiyo sauti ni yako."

Hapo nilikwama. Nilikuwa nalia, na mke wangu alikuwa ananiangalia, na huko Pwani mtoto alikuwa anangoja. Aliirudia polepole, kama ninavyomkumbuka akiwasomea wanasesere wake. Nikasema, "Hiyo sauti ni yako." Akasema, "Asante, Baba," akakata.

Mlitaka kwangu siri ya kuogopesha. Siri ni hiyo: anayetazama ana macho ya kupinga picha, lakini sauti hana cha kuipinga nacho, hasa akiwa mdogo, hasa ikiwa ni sauti ya mtu anayempenda. Mchekesheni mtu mkitaka, mtieni hata pacha. Ila kabla hujamweka mnyama, kabila au mtaa wa watu kwenye nafasi ya adui, uliza kwanza ni nani amekaa chini ya meza. Na mtu akisimama kusema unadanganya, mpe maikrofoni. Mimi sikumpa, na hamuwezi kunilipia hilo kwa kuniita lejendi.

Ijumaa tulikaa na Mama Nekesa uani bila kufanya chochote cha maana. Yeye alifua nguo safi. Mimi nilirekebisha mlango wa banda ambao haukuwa na kasoro. Simu ililia saa tisa na kitu, na nikamwachia mama yake ashike.

"Nimeshuka!" Tulimsikia wote wawili. "Nimeshuka, nimekaa chini mpaka wakanionyesha ishara nipande! Papa alikuwa pale pale, Mama, kama kwa ile video. Aliamka akapita karibu na mguu wangu, akaenda zake. Nimebaki kazini!"

Mama Nekesa alipiga kigelegele mpaka majirani wakatokea kwenye ua, akawasimulia habari ya bahari nzima, akalia, akacheka. Nilingoja. Nilijua sina haki ya kuuliza, lakini zamu yangu ya simu ilipofika niliuliza.

"Na mimi je? Huko chini, ulinisikia?"

"Hapana, Baba," akasema kwa furaha. "Sikukuskia hata kidogo."

Nilimwambia, "Vizuri, mama. Vizuri sana." Nilimaanisha. Halafu nikampa mama yake simu nikaenda kusimama nyuma ya banda la kuku, kwa sababu mtoto alikuwa amepona, na mimi bado nilikuwa nimetumaini atasema ndiyo.